Bivu, Bovu na Mzigo wa Wambui

WAMBUI: Otieno, kabla hujauliza: ndiyo, ule mzigo nimeupata. Alhamisi.

OTIENO: Si shangazi alisema unafika Jumanne?

WAMBUI: Ulifika Jumanne. Ukakaa siku mbili kule ofisi ya mizigo karibu na River Road, Nairobi, mimi naenda, narudi. Karani anaandika Wambui, kompyuta inasema hakuna. Nikachungulia rafuni: katoni ile pale, imefungwa kamba ya katani, mafundo mawili juu, vile shangazi hufunga. Imeandikwa Wambua.

OTIENO: Makueni huko kwa shangazi kina Wambua ni wengi. Shangazi alitaja jina, karani wa kule akasikia alilolizoea.

WAMBUI: Na namba ya simu ni ya shangazi, naye hapatikani. Naambiwa, "Mama, mzigo huu ni wa mwanamume." Sikatai, Wambua ni mwanamume. Lakini maembe yanaiva! Harufu yake unaipata ukiwa kwenye foleni.

OTIENO: Ndiyo maana kipindi cha leo ni jinsi kompyuta inavyotafuta majina yanayokaribiana. Tuliahidi njia tatu. Anza na kongwe, Soundex.

WAMBUI: Robert Russell, Mmarekani, alipewa hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka wa 1918. Baadaye ikatumika kupanga majina ya sensa kwao. Herufi ya kwanza inabaki, irabu zinatupwa, konsonanti zenye sauti za jamii moja zinapewa tarakimu moja. B, F, P na V ni 1. M na N ni 5. Unamaliza na herufi moja na tarakimu tatu. Wambui ni W510. Wambua?

OTIENO: W510. Aa! Ungeondoka na mzigo wako siku ya kwanza.

WAMBUI: Ningeondoka nao. Ila jaribu maneno yetu. Baba.

OTIENO: B inabaki, b ya pili ni 1, jaza sifuri. B100.

WAMBUI: Babu?

OTIENO: B100. Bibi pia. Ngoja, hata bubu!

WAMBUI: Bafu.

OTIENO: B100! Babu yuko bafuni na kompyuta haioni tofauti.

WAMBUI: Buibui. Bofya.

OTIENO: Bapa! Bapa la kisu. Wasikilizaji, shikeni kalamu, hii familia ni kubwa.

WAMBUI: Bivu.

OTIENO: V ni 1. B100.

WAMBUI: Na bovu.

OTIENO: Wambui... maembe.

WAMBUI: Jumanne bivu, Alhamisi bovu. Kwa Soundex hakuna kilichobadilika. Kiswahili, Kikuyu, Kikamba, irabu ndizo zinabeba neno. Ukizitupa umebaki na makapi.

OTIENO: Basi njoo kwa Levenshtein. Mrusi, 1965. Unahesabu tu: herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zifutwe ili neno hili liwe lile. Wambui hadi Wambua ni moja. Karani aone majina yote yaliyo umbali wa moja au mbili, kisha aulize mtu. Haina haja ya kujua lugha ya mtu.

WAMBUI: Na hapo ndipo inapokosea. Otieno na Atieno?

OTIENO: Moja.

WAMBUI: Wewe na dada yako. Chepkoech na Jepkoech?

OTIENO: C iwe J, h ifutwe. Mbili.

WAMBUI: Na hilo ni jina lile lile, huyu anaandika ch, yule j! Yaani Chepkoech yuko mbali na nafsi yake kuliko wewe na dada yako. Hata Soundex haimsaidii, maana herufi ya kwanza haiguswi: C122, J122. Tunahitaji jedwali letu wenyewe la sauti. Ch na j zikae pamoja, irabu zibaki.

OTIENO: Nikitafuta Juma niletewe Chuma?

WAMBUI: Uletewe, uchague.

OTIENO: Umerudi kwangu, mtu achague. Na jedwali la nani? Nchi hii ina lugha zaidi ya 40. Utakayemsahau ndiye atakayebaki kwenye foleni.

WAMBUI: Sasa hivi tumebaki wote. Tuanze na sauti tunazozijua, tuongeze.

OTIENO: Atakayesubiri kuongezwa ana maembe pia. Mimi hapo sikubali.

WAMBUI: Usikubali. Kosa lile lilitoka sikioni, Otieno, halikutoka kwa vidole. Siondoki kwenye sauti.

OTIENO: Nami siondoki kwenye kuhesabu.

(Kimya.)

OTIENO: Njia ya tatu...

WAMBUI: Kukata jina vipande vya herufi tatu tatu. Wam, amb, mbu, bui. Halafu unaangalia vipande vingapi vinapatikana kwenye jina la pili. Tuna dakika ngapi?

OTIENO: Mbili. Wenye studio wako mlangoni. Na yale mambo manne tuliyopanga kuwaambia wenye maduka?

WAMBUI: Yaache.

OTIENO: Subiri, nimepata jingine. Bibo!

WAMBUI: Tunda la mkorosho. B100. Maembe kumi na moja yalipona, manne yako yamo kwenye mfuko wangu hapo chini ya meza.