Pungufu si Bovu: Sisi Tunaonunua Simu Mpya Kabla ya Wengine Tuvumilie Nini?

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nianze na asubuhi moja. Nilikuwa na simu ya mfumo mpya kabisa, yaani programu kuu inayoiendesha simu, ulioingia sokoni miezi michache tu kabla. Nikatega kengele ya alfajiri, maana nilikuwa na safari. Usiku simu ikajisasisha yenyewe, ikazima, ikawaka, ikakaa inasubiri niingize namba ya siri. Kumbe bila namba ya siri kengele hailii. Nilipoamka jua lilikuwa limeshatoka. Nikaiokota simu: betri imejaa, kioo kinang'aa, saa iko sahihi hadi dakika, na gari limeshaondoka.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Niliitetea. Mwenzangu aliponiuliza kulikoni, nikamwambia, "Mfumo bado mchanga, wape muda." Miezi miwili baadaye dada yangu akanunua simu ya aina ile ile kwa sababu mimi ndiye niliyeisifia. Kwenye kuhamisha majina, namba zikachanganyika: jina la huyu, namba ya yule. Alikaa jioni tatu akizirekebisha moja moja. Habari ya kengele sikuwa nimemwambia.

Sasa, kauli ile ya "bado mchanga" si uongo wote. Hakuna mfumo wa simu uliozaliwa umekamilika. iPhone ya kwanza ilianza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007 bila duka la programu. Duka lilikuja Julai 2008. Kunakili maneno na kuyabandika mahali pengine, jambo ambalo leo mtoto analifanya bila kufikiri, wenye iPhone walilingoja hadi Juni 2009. Simu ya kwanza ya Android, T-Mobile G1 ya Oktoba 2008, haikuwa na kibodi ya kwenye kioo. Ulikuwa unasukuma kioo pembeni ndipo vitufe vijitokeze, hadi toleo la 1.5 lilipofika mwaka uliofuata.

Walionunua simu hizo hawakuwa wajinga. Waliona ukurasa mzima wa tovuti ukifunguka kiganjani, wakajua dunia inaelekea huko. Na tunawahitaji watu wa namna hiyo. Mtengeneza programu haji penye mfumo usio na watu, na watu hawaji penye mfumo usio na programu. Lazima awepo wa kutangulia, na anayetangulia hukubali kukosa baadhi ya vitu. Mimi namheshimu sana.

Lakini Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo tumeacha kuyatenganisha tunapozungumzia simu: pungufu na bovu. Nyumba ambayo haijapakwa rangi ni pungufu. Nyumba ambayo ukuta wake umepasuka kutoka msingi hadi paa ni mbovu, hata ikipakwa rangi. Simu isiyo na kunakili na kubandika ni pungufu: uliijua hali hiyo kabla ya kulipa, ukapima, ukakubali. Kengele isiyolia ni ubovu. Hakuna aliyekuambia, kwa hiyo huwezi kusema ulikubali.

Hiyo hiyo G1 ilitupa mfano ambao huwa sichoki kuusimulia. Novemba 2008 iligundulika kwamba kila kilichoandikwa kwa vitufe vyake, pamoja na kwenda mahali ulipokusudia, kilikuwa pia kinapelekwa kimyakimya kwenye sehemu ya ndani ya mfumo inayopokea amri, tena kwa mamlaka ya juu kabisa. Mtu akiwa anamwandikia rafiki yake ujumbe, akaandika neno "reboot" peke yake kisha akabonyeza kitufe cha kushuka mstari, simu ilizima na kuwaka upya. Hebu fikirini maana yake. Barua zako, maneno unayotafuta, salamu zako, vyote vinapita mahali ambapo neno lolote linaweza kugeuka amri. Kwa bahati njema mtumiaji aliyelikuta jambo hilo hakusema "wape muda". Aliripoti hadharani, wengine wakajaribu wakaona ni kweli, na Google ikatoa marekebisho mapema. Yule ndiye mnunuzi wa mwanzo ninayemtaka. Aliupenda mfumo kiasi cha kuununua ungali mchanga, na kwa sababu hiyo hiyo hakuuficha ubovu wake.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo... Ndugu yetu anauliza kama kelele nyingi hazitauua mfumo mchanga. Swali zito. Mimi nimeiangalia mifumo iliyokufa. Simu za kwanza za Firefox OS, mfumo wa shirika la Mozilla, ziliuzwa 2013, na kufikia Desemba 2015 Mozilla ilishatangaza kuachana na biashara hiyo. Kampuni ya HP iliacha vifaa vya mfumo wake wa webOS Agosti 2011, wiki saba tu baada ya kuanza kuuza tableti yake. Sioni penye dalili kwamba walalamikaji ndio walioiua. Programu zilikuwa chache, wanunuzi wachache, na wenye kampuni wakakata tamaa. Wanaolalamika ni watu ambao bado wanaitumia simu. Wa kuogopwa ni yule aliyeirudisha kwenye boksi lake bila kusema neno.

Kwa maoni yangu kilichowaumiza watu zaidi ni ukimya wa kampuni yenyewe. Windows Phone 7, mfumo wa simu wa Microsoft, ilitoka mwishoni mwa 2010, nayo pia bila kunakili na kubandika, ikaongezewa Machi 2011. Watu walivumilia, wakawashawishi na wenzao. Aprili 2012 Nokia Lumia 900, simu ya mfumo huo huo, ikaingia sokoni Marekani. Tarehe 20 Juni mwaka huo huo, miezi miwili na kidogo, Microsoft ikaitambulisha Windows Phone 8, na ikajulikana kwamba simu zote zilizokwisha kuuzwa hazitaipata. Zingepewa toleo la 7.8, lenye ukurasa mpya wa mwanzo na mambo mengine machache. Sababu ya kiufundi ilikuwapo, na ilikuwa ya kweli: kiini cha mfumo kilibadilishwa chote. Lakini kazi ya kubadili kiini haianzi wiki ile ya kutangazwa. Aliyenunua mwezi wa Aprili alikuwa na haki ya kuambiwa mwezi wa Aprili.

Tumezoea kuambiana mvumilivu hula mbivu. Hawa walivumilia, mbivu zikaliwa na waliokuja baadaye.

Ndiyo maana nasema uvumilivu wetu ni mkopo. Tunaikopesha kampuni fedha, muda, na jina letu kwa ndugu na marafiki. Anayekopesha huuliza atalipwa lini, wala hakuna anayemwona ana roho mbaya. Kwenye simu swali lenyewe ni moja: masasisho yataendelea mpaka mwaka gani, na mmeandika wapi? Kujibika kunajibika. Oktoba 2023 Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa simu yake ya Pixel 8, na Januari 2024 Samsung ikaahidi miaka hiyo hiyo kwa Galaxy S24. Kampuni inayoanza mfumo mpya pengine haitaweza miaka 7. Basi iseme 2, iandike 2. Mimi naweza kununua simu ya miaka 2 kwa moyo mweupe kabisa, ilimradi nimeambiwa.

Na sisi tunaotangulia tuache kuwanyamazisha wanaofuata. Mtu anakuja analia kwamba picha zake zimepotea, tunamjibu, "Si ulijua ni mfumo mpya?" Hakujua. Alitusikiliza sisi, na sisi tulimweleza uzuri tu.

Mwezi uliopita dada yangu aliniuliza tena kuhusu simu nyingine ya mfumo mpya. Safari hii nilichukua karatasi. Upande mmoja nikaandika ambavyo simu hiyo haina bado, upande wa pili nikaandika yaliyonikuta mwenyewe nilipoijaribu wiki mbili, pamoja na simu iliyokatika mara nne katikati ya mazungumzo. Chini nikaacha mstari wa mwaka wa mwisho wa masasisho. Nilitafuta kwenye boksi na kwenye maelezo yote ya kampuni, sikuuona, nikauacha wazi. Ameibandika karatasi hiyo juu ya meza yake. Anangoja mstari ule ujazwe.