Herufi 11 za mlinda amani

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Kaka Yohana leo amefika kabla yangu, na ninalitaja jambo hilo mapema kwa sababu najua wengi wenu hamtaliamini.

YOHANA: Nimewahi kwa sababu nimekuja na karatasi, Dada Rehema. Nimeandika maswali matatu kuhusu wazo letu la mnara wa kitaifa wa walinda amani hapa Dodoma: nani aandikwe juu yake, ujengwe upande gani wa jiji, na nani aufagie siku ambazo hakuna kiongozi anayekuja. Ninaomba leo tuyafikie yote matatu, maana safari iliyopita tuliishia kwenye salamu.

REHEMA: Tutayafikia, ila kwanza nieleze nilikokuwa Jumanne. Nilimsindikiza mama mmoja jirani yangu, ambaye mimi humwita Mama Mkubwa ingawa hatuna undugu wa damu, kwa fundi wa mawe ya makaburi. Mwanawe alikuwa mwanajeshi, akafia nje ya nchi katika ulinzi wa amani. Jina lake, mwaka na nchi ameniomba nisivitaje. Kaburi liko kijijini, na maandishi ya lile jiwe la kwanza la saruji yameliwa na mvua na vumbi mpaka hayasomeki, kwa hiyo Mama Mkubwa alikusanya fedha za zabibu zake za msimu uliopita akaja mjini kutafuta jiwe la marumaru. Fundi alimsikiliza kwa adabu, akachukua penseli, akasema kwamba jiwe lina bei yake na kila herufi ina bei yake, shilingi 2,000.

YOHANA: Na nafasi kati ya neno na neno?

REHEMA: Nafasi ni bure. Nilijua utauliza hivyo, kwa sababu ualimu wa hesabu haukuachi. Basi Mama Mkubwa alikuwa na maandishi marefu ambayo mjukuu wake alimwandikia kwenye daftari: cheo, majina matatu, kikosi, nchi, tarehe mbili, na maneno ya kueleza kwamba alikufa akilinda amani. Fundi alipomaliza kuhesabu na kutaja jumla, mama alinyamaza kidogo, kisha akaanza kupunguza kwa utulivu wa mtu anayepembua mchele. Alitoa kikosi, akatoa cheo, akatoa nchi. Mwishoni alikwama kwenye swali moja tu, kwamba chini ya jina iandikwe ASKARI, yenye herufi 6, au MLINDA AMANI, yenye herufi 11.

YOHANA: Tofauti ni shilingi 10,000. Akachagua lipi?

REHEMA: Hakuchagua. Alisema atarudi Jumamosi.

YOHANA: Sasa umenipa jambo la kufikiria. Ikiwa malipo ni kwa herufi, basi familia ya askari aliyetumwa Liberia, ambako majeshi yetu yalikwenda mwaka 1994, ingelipia herufi 7, na ya aliyetumwa Lebanon vile vile 7, ilhali ya aliyetumwa Jamhuri ya Afrika ya Kati ingelipia 21. Aliyetumwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiye mwenye hasara kubwa, kwa sababu jina la nchi peke yake ni herufi 28, yaani shilingi 56,000 kabla hujaandika hata jina la marehemu. Darfur, kule Sudan, ni herufi 6, ndiyo nafuu kuliko zote.

REHEMA: Darfur haikuwa nafuu, kaka yangu. Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani wetu 7 waliuawa kwa siku moja katika shambulio la kuvizia, na wenzao kadhaa wakajeruhiwa.

YOHANA: Nakubali, nimetania mahali pasipo pa utani. Hata hivyo hoja yenyewe ninaishikilia, kwa sababu mnara wa taifa nao huhesabu herufi, ingawa hausemi. Tazama Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ambayo Waingereza waliisimamisha mwaka 1927. Maandishi yake yako katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawataja askari wa Kiafrika pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini huwezi kupata pale jina la mpagazi hata mmoja. Lugha tatu, na bado hazikutosha kutaja mtu.

REHEMA: Fundi wa Mama Mkubwa angewaambia kwamba majina ya wapagazi wote yangekuwa ghali.

YOHANA: Angewapa punguzo la jumla! Sasa niruhusu nirudi kwenye karatasi. Swali la kwanza, nani aandikwe. Mashujaa wa nchi hii tunawakumbuka kila tarehe 25 Julai, na hapa Dodoma siku hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa ni katika maadhimisho ya mwaka 2016, kwenye Uwanja wa Mashujaa pale mjini, ambapo Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia huku. Mwaka 2023 maadhimisho yalifanyika Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Kwa hiyo dereva wa bajaji ukimwambia leo akupeleke Mashujaa, ni haki yake akuulize ni Mashujaa ipi.

REHEMA: Na ukitaka kulipia kwa herufi, Mtumba ni 6.

YOHANA: Tafadhali, dada. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu anaweza kuuliza, kama mnara wa mashujaa upo, wa walinda amani ni wa nini? Jibu langu liko kwenye vile vitu vinavyowekwa. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, Meya huweka upinde na mshale, kiongozi wa wanajeshi wastaafu huweka shoka, na kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Zote ni ishara za heshima, nami huzipenda, lakini karibu zote ni za mtu aliyetetea ardhi yake, kama wale waliolala Kaboya kule Muleba baada ya vita vya Kagera. Mlinda amani alikwenda kusimama katikati ya ugomvi usio wake. Utamwekea nini?

REHEMA: Bereti ya buluu, ile ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa.

YOHANA: Nami niliandika hivyo hivyo. Wenzetu wa Australia walizindua mnara wa walinda amani wao mjini Canberra tarehe 14 Septemba 2017, miaka 70 kamili tangu walinda amani wao wa kwanza waanze kazi Indonesia. Mnara kwao si jambo la mapambo tu, kwa sababu hadi mwaka 2013 majina ya waliofia kwenye ulinzi wa amani hayakuwa kwenye kuta za shaba za kumbukumbu yao kuu ya vita. Yaliwekwa kwenye kitabu cha pembeni, mpaka mama mmoja aliyefiwa na mwanawe akalipigania jambo hilo.

REHEMA: Septemba 2017, umesema. Haikupita hata miezi mitatu, ikaja Semuliki.

YOHANA: Tarehe 7 Desemba.

REHEMA: Ninakumbuka nilivyozisikia habari zile. Kambi ndogo ya walinda amani wetu pale Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, upande wa Beni, ilishambuliwa jioni na waasi wa ADF, na mapigano yakaendelea kwa saa nyingi. Taarifa za kwanza zilisema waliouawa ni 14, baadaye ikawa 15. Katibu Mkuu Guterres alilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa katika historia ya karibuni. Mpaka leo kuna watu wanaosema 14 na wengine wanaosema 15, nami ndiyo maana nasema mnara wenye idadi haunitoshi. Mnara ukiandika idadi unaweza kumwacha mtu nje bila yeyote kutambua, lakini ukiandika majina, mama yake atakuja na kidole chake atafute, na asipoliona atauliza.

YOHANA: Hapo tuko pamoja.

REHEMA: Nilipokwenda Kigali niliona kumbukumbu ya askari 10 wa Ubelgiji wa kulinda amani waliouawa tarehe 7 Aprili 1994. Kuna nguzo 10 za mawe, kila askari na yake, na kila nguzo imekatwa mikato ya kulala, mmoja kwa kila mwaka aliouishi. Nilijikuta ninahesabu mikato kwa kidole kama mtoto, na nguzo nyingine zilikwisha upesi mno.

YOHANA: Fundi wako angelia, maana mikato si herufi.

REHEMA: Angeanza kutoza kwa mkato, namjua. Lakini nataka nikuulize kuhusu jina jingine. Novemba 2018, katika operesheni dhidi ya ADF upande huo huo wa Beni, waliuawa walinda amani 7 wa Malawi na mmoja wetu. Miongoni mwa Wamalawi hao alikuwamo Chancy Chitete, ambaye alimvuta koplo wa Tanzania aliyejeruhiwa mpaka mahali penye kinga, akawa anajaribu kumzuia asiendelee kuvuja damu, ndipo naye akapigwa risasi akafa. Mtanzania akaishi. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunuku Chitete nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, yule Msenegali aliyeokoa watu wengi Rwanda mwaka 1994. Mimi nasema mnara wetu ukijengwa, jina la Chitete liwepo.

YOHANA: Hapana.

REHEMA: Ni herufi 13 tu, kaka. UMOJA WA MATAIFA ni 14, na hayo utayaandika bila kuuliza bei.

YOHANA: Nimecheka, lakini jibu langu bado ni hapana. Mnara wa kitaifa ni deni la taifa kwa watoto wake. Malawi ina haki ya kwanza ya kumheshimu mtoto wake, nasi tukimwandika tutalazimika kuwaandika Waafrika Kusini waliokuwa nasi katika brigedi ile ya Umoja wa Mataifa iliyokwenda Kongo mwaka 2013, na askari wa Kongo waliokufa Semuliki pamoja na wetu, na tutaendelea hivyo mpaka mnara uwe orodha ya Umoja wa Mataifa nzima, yenye majina zaidi ya 4,000. Mama Mkubwa wako atamtafuta mwanawe katikati ya majina 4,000? Na hao Wabelgiji wa Kigali uliowasifu, nguzo zile zilisimamishwa na Ubelgiji kwa ajili ya Wabelgiji.

REHEMA: Zilisimama kwenye ardhi ya nani? Mnyarwanda alitoa kiwanja wakati yeye mwenyewe alikuwa na maiti wasiohesabika wa kuzika. Nami sikusema waandikwe wote 4,000, nimesema mmoja, ambaye kwa sababu yake kuna familia hapa nchini ambayo haikuhitaji kwenda kwa fundi wa makaburi.

YOHANA: Mmoja leo. Kesho atakuja mwingine na hadithi nzito kama hiyo, nawe hutakuwa na sababu ya kumkataa. Kigezo kikiwa uzito wa hadithi, atakayeandikwa ni yule ambaye hadithi yake ilisimuliwa vizuri, na yule aliyekufa usiku bila shahidi atabaki nje. Uraia ni kigezo kikavu, nakubali, lakini hakimbagui maskini wa hadithi.

REHEMA: Kinambagua mlinda amani. Wewe mwenyewe umesema sasa hivi kwamba tofauti yake na shujaa wa Kagera ni kuwa alikufa kwa ajili ya watu wasio wake. Halafu anapotokea mtu aliyekufa hivyo hivyo, tena kwa ajili yetu, unamwomba kitambulisho cha taifa.

YOHANA: Ninamwomba aheshimiwe na kwao.

REHEMA: Ameshaheshimiwa na kwao. Mimi nazungumzia kwetu.

YOHANA: Basi kijengwe kijiwe pembeni, nje ya ukuta wa majina, kitaje washirika wetu kwa ujumla.

REHEMA: Kwa ujumla, kama wapagazi wa mwaka 1927.

YOHANA: Hilo si haki, dada.

REHEMA: Huenda si haki, lakini silifuti.

YOHANA: Nami sifuti langu. Kijana wetu wa mitambo ananionyesha vidole viwili, na sidhani kama anatusalimu.

REHEMA: Dakika mbili. Na karatasi yako je?

YOHANA: Swali la pili na la tatu yamebaki. La eneo nilitaka tulinganishe Mtumba na katikati ya mji, kwa kuwa mtu wa kijijini hushukia stendi, na nauli ya kutoka hapo mpaka Mtumba si ya kudharauliwa. La ufagio sijui hata nilianzie wapi kwa dakika moja, kwa hiyo naikunja karatasi. Niambie tu, Jumamosi mama ataandika lipi kati ya yale mawili?

REHEMA: Alisema atatusikiliza kwanza, kisha ataamua.

YOHANA: Masikini, na sisi tumemwacha pale pale kwa fundi. Mwambie zile herufi 5 za ziada nitazilipa mimi.

REHEMA: Nilijaribu Jumanne. Nilishafungua pochi. Alinishika mkono akaniambia niirudishe, kwa sababu maneno ya mwanawe atayalipia mwenyewe, hata kama itambidi angoje zabibu za msimu ujao.