Kutia chumvi bila kusema uongo: Otto Dix na picha za watu

Mabibi na mabwana,

Mwaka 1925, Gustav Hartlaub, mkurugenzi wa jumba la sanaa la Mannheim, Ujerumani, alifungua maonyesho aliyoyaita Neue Sachlichkeit, yaani Uhalisia Mpya. Miongoni mwa wachoraji waliokuwamo alikuwa Otto Dix, aliyepigana katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa mpiga bombomu. Naomba tumtazame yeye peke yake, maana picha zake zinatulazimu kuuliza vipi mchoraji anaweza kuitia chumvi sura ya mtu na bado akawa mkweli.

Chukueni picha ya mwandishi wa habari Sylvia von Harden, ya mwaka 1926, iliyo katika mkusanyiko wa jumba la sanaa la Centre Pompidou, Paris. Mwanamke huyu ameketi mkahawani peke yake, amevaa gauni la miraba na miwani ya jicho moja, sigara mkononi, soksi yake ndefu imelegea juu ya goti. Vidole vyake ni virefu kupita kiasi, navyo vimetanuka. Wapo wanaosema kwamba Dix alimdhihaki. Mimi sikubaliani nao. Mtu mwenye dhihaka huchora upesi, ilhali Dix alifanya kazi juu ya ubao kwa ufundi wa wachoraji mahiri wa kale wa Kijerumani kama Cranach, wa karne ya kumi na sita, akipaka rangi nyembamba zinazopenyeza nuru, tabaka juu ya tabaka. Kwa ufundi huo makosa hayafutiki kirahisi, kwa hiyo kila kidole kilipaswa kuamuliwa mapema, katika mchoro wa awali. Urefu wa vidole vile ni uamuzi uliofikiriwa, na ndio unaotuonyesha mwanamke anayezungumza kwa mikono, asiyeomba ruhusa ya mtu kuketi pale.

Mwaka huohuo alimchora daktari Mayer-Hermann, bingwa wa magonjwa ya koo: uso wa mviringo, kioo cha mviringo kwenye paji la uso, mtambo wa mviringo nyuma yake. Hapo umbo moja linarudiwa mpaka mtu na kazi yake wanakuwa kitu kimoja.

Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimfukuza Dix katika chuo cha sanaa cha Dresden, alikokuwa profesa tangu 1927. Baadaye alihamia kando ya ziwa Konstanz, akawa akichora zaidi milima na miti, kwa matabaka yaleyale membamba.