Kisesa, kati ya luseni na mbuga

Mwangaluka, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma.

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, ukaipita Igoma na stendi ya Nyamhongolo, kwenye kilomita kama 20 uko Kisesa. Kwa makaratasi umeshaingia Wilaya ya Magu. Kwa macho hujatoka mjini, maana maduka ya saruji na bati yamekusindikiza njia nzima. Leo tutausoma mji huu kwa kitu ambacho dalali wa viwanja hakitaji, yaani udongo wake.

Wasukuma wa zamani hawakujenga kwa kubanana. Kila kaya ilikaa peke yake, imezungushiwa minyaa, na mahali pake palichaguliwa kwa mteremko. Juu kabisa ni mawe, haya mnayoyaona kila upande. Chini ya mawe ni luseni, mchanga mwepesi: hapo palikuwa pa nyumba, viazi vitamu na mihogo. Ukishuka zaidi unakuta itogolo, ambao juu ni laini ila ndani una tabaka gumu lisilopitisha maji. Huko walichunga ng'ombe, kisha wakakata majaruba ya mpunga. Bondeni ndiyo mbuga, udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi hadi mkono unaingia. Hakuna aliyelala mbugani. Jina la udongo lilitosha kumwambia mtu afanye nini.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilizisogeza kaya kando ya barabara, na mteremko ukaacha kuulizwa. Bujora, hapa hapa jirani na Kisesa, ilikuwa imeshapata jina kabla ya hapo: Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha makumbusho ya Wasukuma, na kanisa la pale lilijengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Hadi leo ngoma za sikukuu ya Bulabo huchezwa huko kila Juni, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma, wakishindana. Tangu 1994 Kisesa ina pia utafiti mkubwa wa afya ya jamii, kaya zikihesabiwa na kutembelewa mwaka hadi mwaka. Wako wataalamu wa mbali wanaoitaja Kisesa kila siku na Magu hawaijui.

Kilichoigeuza ardhi kuwa viwanja, hasa, ni lami. Barabara ya Usagara–Kisesa inamtoa dereva wa lori kutoka njia ya Shinyanga hadi njia ya Musoma bila kugusa katikati ya jiji. Shamba lililo karibu na njia panda halilimwi tena muda mrefu. Linakatwa 20 kwa 20, mara nyingi kwa hatua za miguu, na hatua za muuzaji huwa fupi.

Luseni ya juu iliisha kwanza. Sasa yanauzwa majaruba, tena kiangazi, yakiwa makavu na yamesawazika vizuri. Mgeni anafurahi hana kazi ya kuchimbua mawe. Kabla hujatoa hela, chota udongo wa futi tatu chini, uloweshe, uviringishe mwembamba kama penseli, halafu ukunje pete. Pete ikishika bila kukatika, hiyo ni mbuga au jirani yake. Nyumba itapasuka kimshazari kuanzia kona za madirisha, kwa sababu udongo unavimba masika na kunywea kiangazi, tena si sawa pande zote. Fundi atakuja kuziba ufa kwa saruji, na mwaka unaofuata utafunguka palepale. Dawa ni kuondoa udongo mweusi mpaka ardhi ngumu, kujaza moramu kwa matabaka ya sentimita 15 huku unashindilia kila tabaka, na kufunga mkanda wa nondo chini na juu. Hiyo gharama ijumlishe kwenye bei ya kiwanja. Mara nyingi kile cha rahisi kinageuka ghali.

Kwa itogolo shida ni choo. Chimba shimo, lijaze maji, yaache usiku kucha yaloweshe kuta. Asubuhi jaza tena kina cha sentimita 30 na upime kwa rula. Saa 1 ikipita na maji hayajashuka hata sentimita 2 na nusu, shimo la kunywea maji machafu halitafanya kazi hapo. Litajaa mvua za kwanza tu, na jirani wa chini ndiye atakayelalamika.

Hapo utategemea gari la kunyonya majitaka, na hapa nitasema wazi: wauzaji wanatuponza. Wanakata viwanja vinane wakiacha kichochoro cha mita 2, bodaboda inapita, bajaji kwa shida. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, na halmashauri ya kijiji ndiyo yenye kauli. Mihuri ya mjumbe pekee haitoshi. Siku ya urasimishaji mpimaji atadai upana wa barabara, na uzio wa tofali utarudishwa nyuma kwa gharama yako. Kabla ya siku hiyo, gari linasimama lami, mpira unaunganishwa vipande vitatu kupita uani kwa watu wawili, na bado haufiki.