Sanduku Kwanza, Leza Mwisho

Haya tuanze, maana muda tuliopewa ni mfupi na najua wengi wenu mmekuja na swali moja tu kichwani, leza ya wati ngapi inakata mbao. Nimeshaulizwa hata kabla sijafika hapa mbele. Nitalijibu, msiwe na wasiwasi, ila kwanza niseme lile ambalo walionisikia huko nyuma wanalijua, nalirudia kila nikipewa kipaza sauti na sitachoka: mashine ya kukatia mbao kwa leza inaanza na sanduku. Sanduku lina mfuniko, mfuniko una swichi, swichi inakata umeme. Leza yenyewe ndiyo ya mwisho kununuliwa. Fremu, mota, mikanda, bodi, funga vyote, halafu pale pa leza weka kalamu, ndiyo, kalamu ya kawaida, mashine ichore kwenye karatasi mpaka uridhike. Sanduku likishakamilika na swichi zimejaribiwa, hapo leza iingie nyumbani kwako.

Leza ni nini mnajua, sirudii. Theodore Maiman, mwanafizikia wa Marekani, aliwasha ile ya rubi mwaka 1960, mwaka 1964 Kumar Patel pale Bell Labs, maabara ya huko huko Marekani, akaja na ya gesi ya kaboni dayoksaidi, na hiyo ya gesi ndiyo hadi leo inakata plaiwudi kwenye karakana nyingi. Sisi wa kujijengea tunachagua kati ya hiyo, yenye bomba la glasi na mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600 ambao huuoni kabisa, na daiodi, kile kipande kidogo cha elektroniki, yenye mwanga wa bluu wa nanomita 450 hivi. Yoyote utakayochagua, ikishafika nguvu ya kukata mbao iko daraja la 4, la juu kabisa katika madaraja ya hatari ya leza. Daraja la 4 linaanzia pale inapopita miliwati 500, yaani nusu wati, kwa hiyo daiodi ya wati 5 imeshazidi mpaka huo mara kumi. Na kwenye daraja hilo hatari si mwale wenyewe tu, hata mwanga uliogonga kitu ukatawanyika unaweza kukuharibia jicho.

Sasa sikilizeni hii ya bluu, maana ndiyo wengi mtaanza nayo. Mwanga wake unapita konea, kile kioo cha mbele cha jicho, unapita lenzi ya jicho, na lenzi inafanya kazi iliyoumbiwa, inaukusanya wote kuwa nukta moja kwenye retina, ule ukuta wa nyuma unaopokea picha. Retina haisikii maumivu. Huungui ukapiga kelele, husikii kitu. Ndiyo maana napandwa na hasira mtu akiniambia mbona mimi natumia siku zote wazi bila mfuniko na macho yangu ni mazima. Mazima kwa kipimo gani? Doa dogo lililokufa pembeni ya retina ubongo unalifunika, jicho la pili linasaidia, mtu anatembea nalo miaka bila kujua. Ile ya nanomita 10,600 haifiki retina, inaishia konea, inaunguza hapo mbele na maumivu yake utayasikia. Hakuna iliyo afadhali hapo.

Kuna kijana mmoja, jina nalihifadhi, fundi kweli kweli, aliniita nikaone mashine yake. Nikaenda. Fremu ya aluminiamu imenyooka, mikanda imekazwa mpaka ukiidonoa inalia, nyaya zimepangwa kwa rangi, unaona kabisa mtu ana mikono. Akaiwasha, ikaanza kukata gia ndogo kwenye plaiwudi ya milimita 3, juu ya meza, wazi. Yeye kavaa miwani. Sisi wengine mle chumbani hatuna, na mdogo wake kasimama mlangoni anachungulia, na kile kidoa cha bluu mnajua kinavyovuta macho, yanakifuata yenyewe. Nikamwambia zima. Akazima. Miwani mingine iko wapi? Akasema ilikuja hiyo moja pamoja na leza. Nikaomba niishike. Plastiki ya kijani, nikageuza ndani nje, kwenye lenzi hakuna kitu, kwenye fremu hakuna kitu, haijaandikwa popote.

Miwani ya leza lazima iwe imeandikwa mambo mawili, inazuia mawimbi ya kuanzia nanomita ngapi hadi ngapi, na inazuia kwa kiasi gani, yaani ile OD. OD 4 inapitisha sehemu moja kati ya 10,000, kwa hiyo wati 5 zikija moja kwa moja unabaki na nusu miliwati. OD 6 inapitisha moja kati ya milioni. Na msome namba vizuri jamani, kuna miwani inaishia nanomita 450 wakati leza yako imeandikwa 455, hapo unavaa pambo. Isiyo na maandishi ni plastiki ya rangi, basi. Lakini hata huyu kijana angekuwa na miwani bora kuliko zote, ingelinda macho yake yeye. Yule mdogo wake pale mlangoni nani anamlinda? Anayepita nje ya dirisha je? Watu wanazungumzia miwani kana kwamba chumbani kuna mtu mmoja.

Basi tukakubaliana ajenge sanduku. Akajenga, akaniita tena. Bati, ndani kapaka rangi nyeusi isiyong'aa, mfuniko una bawaba, na swichi ipo, kaifunga kwenye kona. Nikafurahi. Nikamwambia chomoa plagi, tuufuate waya wa swichi kwa kidole. Tukaufuata. Umetoka kwenye swichi, umepita ukingoni, umeshuka chini, umeingia kwenye pini ya Arduino, ile bodi ndogo yenye programu inayoendesha mashine.

Hapo ndipo ninapobishana na watu kila siku. Ukifunga hivyo, mfuniko ukifunguka haukati kitu, unamwomba Arduino akate. Na Arduino akiwa ameganda? Programu zinaganda, kila mtu hapa anajua. Mtu ataniambia GRBL, ile programu iliyo ndani ya Arduino, ina kitu chake cha mlango wa usalama, ndiyo inacho, ni kizuri, kitumie, kinasimamisha kazi kwa adabu na unaweza kuendelea ulipoishia. Ila kiwe cha pili. Cha kwanza ni umeme wenyewe wa leza ukatike, bila kumuuliza yeyote mwenye programu ndani yake. Halafu kuna jambo lingine, Arduino ikizimwa na kuwashwa upya, kwa muda mfupi pini zake zinaelea, haziko juu wala chini, na kuna draiva za leza ambazo waya wa amri ukielea zinaona ni ruhusa ya kuwaka. Unawasha kompyuta asubuhi, leza inatema mwale wakati hujaamuru chochote. Dawa yake ni rezista ya kiloomu 10 kutoka waya wa amri kwenda graundi. Rezista moja! Naomba muiweke leo.

Swichi sasa. Chukua maikroswichi ile yenye kijiti na miguu mitatu, ubavuni imeandikwa C, NO na NC: C ni mguu wa pamoja, NO unaungana nao swichi ikikanyagwa, NC unaungana nao ikiwa haijakanyagwa. Wengi wanasoma kwamba swichi ya usalama inatumia NC, wanafunga NC, mashine inawaka mfuniko ukiwa wazi na kuzima ukifungwa, wanashangaa, wanageuza mambo kwenye programu. Tulieni. Mfuniko ukifungwa unakanyaga kijiti, kwa hiyo tumia C na NO, ikikanyagwa njia inaunganika, mfuniko ukiinuka njia inakatika. Kile kitufe chekundu cha dharura ndicho kinatumia NC, kwa sababu chenyewe hakijabonyezwa muda wote. Kanuni ni moja tu kwa vyote, hali ya salama ndiyo inayopitisha umeme, ili waya ukikatika au ukichomoka, leza izime. Weka swichi mbili kwenye mfuniko, moja kila upande, zifuatane kwenye waya mmoja, maana moja ikikwama imekanyagwa ya pili inakata. Oveni ya maikrowevu ina swichi zaidi ya moja kwenye mlango wake, na kuna moja ambayo zile nyingine zikigoma inaunguza fyuzi makusudi. Hicho ni chombo cha kupashia chakula tu, wewe una leza ya daraja la 4.

Na usipitishe umeme wote wa leza kwenye kile kiswichi kidogo, volti 24 za DC zinachoma ncha zake za ndani taratibu mpaka zinagandana. Mnyororo wa swichi uamshe relei, yaani swichi kubwa inayoendeshwa na umeme mdogo, relei ndiyo ikate.

Kujaribu sanduku: subiri usiku, zima taa, weka tochi kali ndani, funga, zunguka. Kila utakapoona mwanga umechungulia, pale kwenye bawaba, pale nyaya zinapoingia, kwenye tundu la feni, ndipo leza nayo itachungulia. Ziba. Bomba la moshi lipe kona moja au mbili zilizopakwa rangi nyeusi ndani, mwanga hauwezi kona kama moshi.

Mtu anauliza sasa nitaonaje kazi. Weka kamera ndogo ndani. Dirisha nalo lina mambo yake, akriliki nyeupe inayoonyesha inazuia mwanga wa bomba la gesi vizuri tu, lakini bluu inapita kama hakuna kitu, na plastiki ya rangi ya chungwa isiyo na namba ni hadithi ile ile ya miwani. Kamera inamaliza ubishi. Mwingine anasema pesa ya sanduku sina kwa sasa, nitaongeza baadaye. Basi pesa ya leza pia huna kwa sasa. Samahani, lakini hivyo ndivyo ilivyo, na hiyo baadaye nimeshaiona kwa watu wengi, haiji.

Naambiwa zimebaki dakika chache, kwa hiyo haraka haraka.

Wati. Inayotangazwa wati 40 ya daiodi mara nyingi hiyo 40 ni umeme inaokula, mwanga unaotoka ni wati 5 hivi. Uliza wati za mwanga. Wati 5 itakata plaiwudi ya milimita 3 kwa kupita mara kadhaa, bomba la gesi la wati 40 linakata kwa kupita mara moja. Ila bomba linataka maji yanayozunguka muda wote, na swichi ya mtiririko wa maji iingie kwenye mnyororo ule ule wa mfuniko, na pawasapulai yake inatoa kilovolti zaidi ya 15 na inabaki na chaji hata ukichomoa plagi. Hujawahi kushika umeme mkubwa, anza na daiodi.

Moto. Puliza hewa pale inapokata, inafukuza moshi, inazima ndimi ndogo, na mkato unakwenda chini zaidi. Usiondoke mashine ikiwa kazini, hata kwenda kufungua mlango. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, wa kaboni dayoksaidi, ule wa unga utaharibu lenzi na reli zote.

Usikate plastiki ya PVC kabisa, inatoa gesi ya hidrojeni kloraidi, inakula mapafu na inakula mashine. Mbao zilizotiwa dawa ya wadudu pia hapana. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ina gundi nyingi, moshi wake utoke nje.

Vipimo. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, draiva inayogawa kila hatua mara 16, puli ya meno 20 na mkanda wa GT2 ambao jino moja ni milimita 2, hiyo ni hatua 80 kwa milimita. Chora mstari wa milimita 100, ukipima ukakuta 98, usianze kufungua skrubu, chukua 80 zidisha kwa 100 gawanya kwa 98, weka 81.63 kwenye GRBL, chora tena. Kisha weka $32=1, ndiyo hali ya leza ya GRBL, na kwenye amri ya kuwasha leza utumie M4 badala ya M3, kwa M4 mashine ikisimama leza inazima, kwa M3 inaendelea kuchoma pale pale. Upana wa mkato, yaani mbao inayoliwa na leza, nilitaka kuueleza vizuri, hasa kwa wanaotengeneza maboksi ya kuchomekana, lakini muda hakuna, kata mraba wa milimita 20, upime, tofauti utakayoiona ndiyo ya kuongeza kwenye mchoro.

Haya, maswali. Wewe wa nyuma uliyenyoosha mkono tangu kwenye miwani, anza.