Monita tatu, kompyuta mbili: jinsi ya kupanga madirisha na utepe wa chini ukiwa kompyuta ya mbali

Asalaam aleikum watazamaji. Leo niko Wete, nyumbani kwa dada yangu. Yeye hufanya hesabu za hoteli moja ya Nungwi bila kupanda boti: kompyuta ya hesabu iko Unguja, naye yuko hapa na laptopu na monita mbili za mitumba. Kilio chake ni kimoja, kwamba kila akibonyeza alama ya Excel hufunguka ile asiyoitaka. Sababu yenyewe ni hii hapa, tazama. Chini kuna utepe wenye alama za programu na saa. Ukiingia kompyuta ya mbali unakuwa na tepe mbili zinazofanana kama mapacha. Kwenye video hii nitasema "huku" nikimaanisha Wete na "kule" nikimaanisha Unguja, tusichanganyane.

Kompyuta ya kule iwe na Windows Pro, kwani toleo la Home halipokei mgeni anayeingia kutoka mbali. Ya huku hata ikiwa Home haina neno.

Haya, huku bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mstsc, ndiyo programu ya kuingilia kompyuta ya mbali, kisha Enter. Bonyeza Show Options, ingia Display. Mshale wa ukubwa usukume mpaka mwisho, patokee maneno Full Screen. Hapo chini kuna kisanduku cha "Use all my monitors for the remote session". Wengi wanakitia tiki na kuondoka. Mimi sikubaliani nao. Ukikitia tiki, monita zote tatu zinakwenda kule, na mambo yako ya huku yanafunikwa yote: WhatsApp, kikokotoo, picha ya risiti uliyotumiwa sasa hivi. Bakisha skrini moja ya huku. Ndiyo dawa ya tatizo la dada, na ndiyo sehemu tutakayokaa nayo zaidi.

Funga hapo kidogo. Bonyeza tena Windows na R, andika mstsc /l, yaani herufi L ndogo baada ya mkwaju. Kinatokea kisanduku chenye orodha. Hapa kwa dada, namba 0 ina 1366 x 768, hiyo ni laptopu. 1 na 2 zina 1920 x 1080, ndizo monita za mezani. Usizifuate namba zile za Settings, zenyewe huanzia 1 na huenda zisilingane na hizi.

Sasa rudi mstsc, kichupo cha General, jaza jina la kompyuta ya kule, kisha Save As, hifadhi kwenye desktopu. Faili hilo lifungue kwa Notepad. Tafuta mstari wa use multimon na uufanye hivi:

use multimon:i:1

Chini yake ongeza:

selectedmonitors:s:1,2

Namba inayotangulia ndiyo itakayokuwa skrini kuu ya kule. Dada anataka daftari la hesabu liwe mbele yake, kwa hiyo tumeanza na 1. Skrini unazochagua ziwe zinapakana. Ukiruka ya katikati mpango hauendi. Hifadhi, bofya faili mara mbili, umeingia. Laptopu imebaki huku na utepe wake, monita mbili ni za kule. Ukichomoa nyaya siku moja na mambo yakageuka, rudia mstsc /l, namba huwa zinabadilika.

Utepe wa kule unapangwa kule kule. Kwenye Windows 11 ingia Settings, Personalization, Taskbar, Taskbar behaviors, tia tiki "Show my taskbar on all displays". Chini yake chagua alama zikae kwenye utepe wa skrini ambako dirisha limefunguliwa. Halafu nenda Colors, weka Dark, washa rangi kwenye utepe. Dada kachagua kahawia ya karafuu kavu. Tangu hapo hajauliza tena huku ni wapi na kule ni wapi.

Kuhamisha dirisha toka monita hadi monita, shika Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia. Ikiwa linahama la huku badala ya la kule, angalia kichupo cha Local Resources kwenye mstsc, sehemu ya Keyboard, uchague "Only when using the full screen". Kutoka haraka kwenye skrini nzima ni Ctrl, Alt na Break. Laptopu nyingi hazina Break, basi Ctrl, Alt na Home hushusha ule upau wa juu wenye jina la kompyuta ya kule.

Na umeme ukikatika? Monita zinazimika, laptopu inabaki na betri yake. Usihangaike. Kazi ya kule haijafungwa, madirisha yako wazi kama ulivyoyaacha. Washa bando la simu, ingia kwa mstsc ya kawaida bila lile faili, kwa skrini moja. Dirisha likiwa limejificha nje ya skrini, bofya alama yake, kisha Alt na Space, M, gusa mshale mmoja, halafu sogeza mausi, litafuata lenyewe.

Jioni ukibonyeza X ya upau huo wa juu unakata njia tu, programu za kule zinaendelea kuwa wazi. Ukitaka kufunga kabisa, Sign out kule kule.