Poti ya DSL Hupangwa kwa Kufuata Waya

Wenzangu mafundi, na nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma, karibuni. Leo hatutaizungumzia DSL yote, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu. Tutazungumzia poti moja ya DSLAM (mashine inayogawa DSL kwa laini nyingi), jozi moja ya shaba inayotoka humo, na namba tunazoziingiza ili modemu ya mteja ishike laini na isiiachie. Najua fiba imeshaingia mitaa mingi. Lakini shaba ya simu za mezani haijaondoka, na jengo lenye waya za simu ukutani, kama hoteli au bweni, linaweza kuwekewa DSLAM ndogo ya poti 24 au 48 bila kubomoa kuta.

Kosa la kwanza ni kuanza na kifurushi. Mteja amelipia megabiti 4, fundi anaandika 4 kila anapoona nafasi ya kuandika kasi, kisha anashangaa laini haipandi. Poti haijui kifurushi. Inachokijua ni urefu wa waya, unene wake, viungio vyake na kelele ya umeme iliyomo.

Kwa hiyo tunaanza na mita, kompyuta tutaifikia baadaye. Itenge jozi na kadi ya DSLAM pale kwenye MDF (fremu ambako waya za nje huunganishwa na mashine), hakikisha hakuna umeme wa kigeni, kisha pima ukinzani kati ya nyaya mbili na kati ya kila waya na ardhi. Usomaji ulio chini ya megaomu moja unaashiria unyevu au kava lililochubuka, na hakuna profaili, yaani seti ya mipangilio ya poti, itakayoukausha. Halafu mwenzako aziunganishe nyaya mbili upande wa mteja, upime mzunguko mzima. Shaba ya milimita 0.4 ina takriban omu 280 kwa kilomita, kwenda na kurudi, ya 0.5 ina kama omu 180. Ukisoma omu 840 kwenye waya wa 0.4, laini ni kama ya kilomita 3. Ramani ikisema kilomita 1.5, iamini mita, kisha ukatafute kiungio kilichooza.

Kuna ugonjwa mita hii haiuoni: tawi lililoachwa, yaani kipande cha waya kinachoning'inia kwenye jozi tangu simu ya zamani ilipohamishwa. Mawimbi huingia humo, hugonga mwisho na kurudi yakiwa kinyume. Tawi la mita 50 huchimba shimo karibu na 1 MHz, la mita 100 karibu na 500 kHz. Ukiufungua mchoro wa toni (vipande vidogo vya masafa vinavyobeba data) kwenye DSLAM ukaona bonde kali pasipo na sababu, gawanya 50 kwa masafa ya bonde hilo katika MHz, utapata urefu wa tawi kwa mita. Kalikate. Hiyo kazi ya koleo hurudisha kasi kuliko saa nzima ya kuchezea mipangilio.

Sasa poti. Kwenye vifaa vya Huawei, kwa mfano, anwani huandikwa 0/2/5: fremu, sloti, poti. Poti za kadi huhesabiwa kuanzia 0, wakati vibandiko vya MDF mara nyingi huanzia 1. Matokeo yake fundi huzima laini ya jirani asiyehusika. Kabla ya kugusa, soma hali ya poti na umwombe mteja azime modemu. Ukiona poti nyingine ndiyo imeanguka, umeshajua.

Jambo la pili la tahadhari ni profaili. Profaili moja hufungwa kwenye poti nyingi. Ukibadilisha yaliyomo, unawagusa wote waliofungiwa hiyo, na laini zao zinaweza kuanguka na kujifunza upya (modemu na poti kupimana na kukubaliana kasi) saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Tengeneza profaili mpya, zima poti moja, ifunge profaili hiyo, washa. Mteja mmoja atakatika kwa muda wa modemu kujifunza laini, basi.

Aina ya laini, yaani toleo la DSL, haihitaji maneno mengi. Ruhusu ADSL2+ kwa laini fupi na za kati. Inatumia toni 512 hadi 2.208 MHz, lakini kwa waya mwembamba uliopita kilomita 2.5 hivi, toni za juu hufa na faida huisha. Hapo ADSL2, au hata G.dmt, toleo la ADSL la 1999, huweza kutulia vizuri zaidi. VDSL2 (DSL ya kasi kubwa kwa waya mfupi) yenye profaili ya 17a (hapa ni jina la aina yake, si ile seti ya mipangilio) iache kwa majengo na laini za mita mia kadhaa, na uwashe kizuia nguvu cha upande wa kupakia, ama sivyo modemu iliyo karibu na kadi itaizamisha sauti ya iliyo mbali. Angalizo moja kwa wanaonunua modemu za mtumba kutoka Ujerumani: nyingi ni za Annex B, aina ya ADSL iliyotengenezwa kuishi na ISDN (simu ya kidijitali ya zamani), au za Annex J. Kadi ya Annex A haitaelewana nazo, hata ukae hapo mpaka jioni.

Kasi, sasa. Weka kasi ya juu na kasi ya chini, na usizifananishe. Kasi ya chini ni sharti: laini isipoifikia, poti inakataa kabisa kuwaka. Ukiweka kima cha chini 4096 kbps (kilobiti kwa sekunde) kwa laini yenye uwezo wa 3900, mteja hapati hizo 3900; anapata taa inayopepesa usiku kucha. Kiweke chini sana, kama 128 au 256.

Kasi ya juu nayo inahitaji hesabu, maana kwenye ADSL data husafiri ndani ya seli za ATM, yaani vifurushi vidogo vya data vya baiti 53, na 48 tu kati ya hizo ndizo mzigo. Chukua pakiti ya IP ya baiti 1492. Ongeza baiti za vifungashio vyake: 8 za PPPoE na PPP (njia ya mteja kuingia mtandaoni), 14 za Ethernet, 10 za kichwa cha LLC, 8 za mkia wa AAL5: zinafika 1532, yaani seli 32, yaani baiti 1696 kwenye waya. Zidisha kwa 1.137. Mteja wa 4096 kbps anahitaji poti ya 4656 hivi. Ukimwekea 4096 kamili, atapima 3.6 na kukupigia simu, na atakuwa na haki.

Tufike kwenye akiba dhidi ya kelele, ambayo ndiyo roho ya kazi hii. Akiba lengwa ya kawaida ni desibeli 6: kelele inaweza kuongezeka nguvu mara nne kabla makosa hayajavuka kiwango. Kuipandisha hadi 9 si bure. Kila desibeli 3 hugharimu takriban biti moja kwa kila toni, na kila toni hupeleka alama, yaani mafungu ya biti, 4000 kwa sekunde. Laini yenye toni 300 zinazofanya kazi itapoteza kama megabiti 1.2. Anayepandisha akiba kwa kila laini inayolalamikiwa anamnyang'anya mteja kasi bila kujua ugonjwa.

Na ugonjwa unaotusumbua sana huku kwetu hutokana na umeme kukatika. Modemu inapokosa umeme hutuma ujumbe wa mwisho, na DSLAM huandika kwamba nguvu imepotea upande wa mteja. Tofautisha hilo na kupotea kwa mawimbi, ambako huelekeza kwenye waya. Umeme ukirudi, si kila nyumba inawasha modemu dakika ileile. Ya kwanza kuwaka inajifunza laini kebo ikiwa kimya. Inajichukulia kasi yote inayoiona, ikibakiza desibeli 6. Kisha majirani 20 kwenye kebo hiyohiyo wanawaka mmoja mmoja, na mawimbi yao yanapenya kwenye jozi yake. Ni kama aliyeanza kunong'ona barazani kabla watu hawajajaa. Akiba inashuka hadi 2, hadi sifuri, laini inaanguka. Fundi anafika, anakuta imejifunza upya na majirani wote wakiwa hewani, kasi ya chini kidogo, imetulia kabisa. Anaandika kwamba hakuna tatizo. Umeme ukikatika tena, hadithi inarudi.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kasi ya juu yenye kikomo halisi: laini inayoweza 14 ikizuiwa kwenye 4.6 hubaki na akiba kubwa, na jirani wakiwaka haitikisiki. Ndiyo sababu sipendi profaili zisizo na kikomo, hata mteja akizipenda. Lakini angalia thamani ya akiba ya juu kabisa: ukiiacha kwenye 10, kwa mfano, poti itapunguza nguvu ya mawimbi mpaka akiba ishuke hapo, na kinga uliyoitafuta umeikata mwenyewe. Dawa ya pili ni kuruhusu kasi ibadilike laini ikiwa hai, kwa kadi na modemu zinazoweza. Jaribu kwa aina ya modemu mlizonazo kabla ya kuiwasha kwa kila mteja. Zipo zinazodai kuweza na kumbe haziwezi.

Kelele za kishindo ni habari nyingine. Mota ya pampu ya maji, swichi ya friji, jenereta: hizi hupiga kwa ufupi na kwa nguvu, na akiba ya desibeli haizizuii vizuri. Hapo tunatumia kinga ya INP, inayohesabiwa kwa alama zinazolindwa, pamoja na kuzitawanya baiti. Alama moja hudumu milisekunde 0.25, hivyo INP 2 hulinda dhidi ya kishindo cha milisekunde 0.5. Gharama yake hukadiriwa hivi: mara mbili ya muda wa kishindo, gawanya kwa ucheleweshaji unaoletwa na kutawanya huko. INP 2 kwa milisekunde 8 hula kama asilimia 12.5 ya mstari. INP 4 kwa milisekunde 4 hula nusu! Mnaona kwa nini mtu aliyebana ucheleweshaji huku akipandisha kinga hulia kwamba kasi imepotea. Kama pande zote mbili zina G.INP, kiwango cha 2010 kinachorudia kutuma kilichoharibika, anza na hicho.

Laini ikishawaka, bado kuna njia ya huduma: VPI na VCI (namba za njia ya ATM) zilingane na modemu, 0/35 au vyovyote mtandao wenu ulivyochagua, na VLAN (namba inayotenga mtandao mmoja na mwingine) iwe sahihi. Taa ya DSL ikitulia na PPPoE haiunganishi, usirudi kwenye desibeli. Tatizo liko hapa. Kagua pia kikomo cha MAC, yaani idadi ya anwani za vifaa ambayo poti inaruhusu. Kikiwa 1 na mteja kabadilisha ruta, kifaa kipya kitazuiwa hadi anwani ya zamani isahaulike, mara nyingi baada ya sekunde 300.

Kuhusu kaunta za makosa, zisome kwa vipindi vya dakika 15, vilivyo 96 kwa siku. Jumla ya mwezi haikwambii kitu. Makosa yaliyosahihishwa yakiwa mengi, kinga inafanya kazi, usiogope. Sekunde yenye makosa mazito ni ile yenye hitilafu za CRC (ukaguzi wa data ulioshindwa) 18 au zaidi. Ukiziona zimejazana kati ya saa 12 na saa 2 jioni, uliza nani anawasha pampu. Zikija kila simu inapolia, tafuta kifaa cha simu kisicho na filta.

Mkimaliza, hifadhini usanidi kwenye kumbukumbu ya kudumu kwa amri yake. Vifaa vingi hushika mabadiliko papo hapo bila kuyahifadhi, na betri za kituo zikiisha chaji usiku, poti itaamka na namba za zamani. Kisha andikeni kwenye kadi ya kumbukumbu ya laini: anwani ya poti, namba ya jozi, omu, kudhoofika kwa mawimbi njiani, akiba na kasi ya pande zote mbili, na profaili. Maswali?